Baiti Kumi na Saba

Fremu ya Ethernet, yaani kifurushi kinachobeba data kwenye mtandao wa aina hiyo, haitakiwi kuwa chini ya baiti 64. Kanuni hiyo ilizaliwa na kebo. Mtandao huo, uliobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe na David Boggs katika maabara ya Xerox, Palo Alto, Marekani, uliunganisha kompyuta nyingi kwenye kebo moja. Kompyuta ilipaswa kuwa ingali ikituma wakati dalili ya mgongano na ujumbe wa kompyuta nyingine inapoifikia, la sivyo isingejua kuwa ujumbe wake umeharibika. Kwa kasi ya biti milioni 10 kwa sekunde, baiti 64 huchukua mikrosekunde 51.2.

Zikitolewa baiti 14 za kichwa na 4 za kuhakiki makosa, mzigo hubaki na baiti 46. Ujumbe mfupi zaidi ya hapo lazima ujaziliwe. Waraka wa RFC 894 wa mwaka 1984 uliagiza ujazilizaji huo uwe wa sufuri, lakini uliagiza kwa maneno machache ndani ya mabano. Waandishi wengi wa draiva za kadi za mtandao hawakuyafuata: walirefusha fremu bila kufuta kilichokuwamo kwenye kumbukumbu.

Januari 2003, Ofir Arkin na Josh Anderson wa kampuni ya @stake walianika madhara yake na kuuita udhaifu huo EtherLeak. Ulisajiliwa kwa namba CVE-2003-0001. Ombi la ping, ujumbe wa kupima kama kompyuta nyingine inajibu, likiwa na baiti moja ya data laonyesha ulivyofanya kazi. Kichwa cha IP ni baiti 20, cha ICMP, itifaki inayotumiwa na ping, 8. Pamoja na data ni 29. Zilizosalia kufikia 46, yaani 17, zilirudi kwenye jibu zimebeba mabaki: kipande cha pakiti ya mtu mwingine, au data ya kiini cha mfumo endeshi chenyewe. Mvamizi hakuhitaji nenosiri. Aliuliza, akajibiwa, akauliza tena. Kizuizi kilikuwa kimoja tu: ruta huivua fremu, hivyo ilimbidi awe kwenye mtandao uleule wa ndani.

Katika mfumo endeshi wa Linux tiba ilikuwa skb_padto, kipande cha programu kinachoandika sufuri kwenye nafasi ya ziada, na draiva zikarekebishwa zikitumie. Huo ulikuwa uamuzi sahihi, kwani kumwachia kila mwandishi akumbuke mwenyewe kulikuwa kumeshindikana kwa karibu miaka 20.

Januari 2021 kasoro hiyohiyo ilitangazwa tena, safari hii katika baadhi ya vifaa vya Palo Alto Networks vilivyotengenezwa kulinda mitandao.