Tamasha la Ziwa Turkana, Kenya: adabu za msikilizaji na mpiga kambi

Tamasha la Utamaduni la Marsabit na Ziwa Turkana hufanyika Loiyangalani, mji mdogo ulio ufukoni mwa ziwa hilo upande wa kusini mashariki, katika Kaunti ya Marsabit, kaskazini mwa Kenya. Lilianza mwaka 2008 kwa kuungwa mkono na Ubalozi wa Ujerumani mjini Nairobi na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Hukusanya jumuiya zaidi ya 10 za kandokando ya ziwa na za jangwa la jirani, wakiwamo Waturkana, Wasamburu, Warendille, Wagabra, Waborana, Wadassanech, na Waelmolo ambao ni miongoni mwa jumuiya ndogo kabisa nchini humo. Nyimbo na ngoma ndizo kiini cha siku hizo.

Ngoma nyingi huchezwa ardhini, hatua chache tu kutoka kwa watazamaji. Nyumba za wageni ni chache, hivyo wengi wa wanaotoka mbali hulala kwenye mahema, jirani na makazi ya wenyeji. Kwa sababu hiyo, namna mgeni anavyosikiliza mchana na anavyolala usiku huwagusa watu wengine moja kwa moja.

Baadhi ya jumuiya hizo zimegombania malisho, maji na mifugo kwa miaka mingi, na ugomvi huo umegharimu maisha ya watu. Moja ya nia za tamasha ni kuwaweka mahasimu katika uwanja mmoja, kila upande uusikilize mwingine ukiimba. Hapa mtazamaji mgeni hana budi kuwa na hadhari. Kushangilia kundi moja kana kwamba linacheza fainali dhidi ya lingine, au kutangaza kwa sauti kwamba fulani wamewashinda fulani, ni mzaha usiofaa mahali ambapo ushindani wa aina nyingine haujasahauliwa. Vigelegele na makofi vinakaribishwa, navyo wastahili wote. Vivyo hivyo si busara kumwuliza kijana aliyevaa shanga zake za sherehe kuhusu wizi wa ng'ombe, hata kama mwulizaji ana nia njema.

Muziki unaotoka kooni

Mtu aliyezoea ngoma za pwani au za Kanda ya Ziwa Victoria huenda akashangaa kutoziona ngoma zenyewe. Muziki wa wafugaji wa kaskazini mwa Kenya, kwa sehemu kubwa, ni sauti ya binadamu. Kiongozi huanzisha, wenzake huitikia kwa sauti nzito za kooni, na mdundo hutoka katika makofi, katika vishindo vya miguu na katika mlio wa shanga na vyuma wanavyovaa wachezaji. Waturkana huruka juu katika edonga, na ardhi wanapoikanyaga kwa pamoja ndiyo inayowashikia mwendo. Warendille na Wagabra, ambao maisha yao yamefungamana na ngamia, wana nyimbo za kumsifu mnyama huyo, na nyingine huimbwa kwa utulivu mkubwa.

Muziki wa namna hiyo huharibika upesi. Mazungumzo ya watu watatu walio karibu na duara yanatosha kumfunika kiongozi wa wimbo, na simu inayoita huwapoteza waitikiaji. Kisamburu ni ndugu wa Kimaasai, na Mmaasai aliyetoka Longido au Monduli atafuata sehemu kubwa ya maneno bila mkalimani. Fahari hiyo ni halali kabisa, lakini tafsiri kwa rafiki aliye pembeni ingoje wimbo uishe. Upepo nao huvuma karibu siku zote, na anayetaka kusikia vizuri huchagua upande ambao upepo unapeleka sauti, badala ya kujisogeza mbele na kuwazibia walioketi.

Kuingia katika duara ni kwa mwaliko. Mara nyingi mwaliko huja, kwa mkono ulionyooshwa au kwa kichwa kilichoinamishwa kuelekea kwa mgeni, na kuukubali ni heshima kwa pande zote mbili. Baadhi ya michezo hiyo, hata hivyo, ni ya rika maalumu, na mingine ina nafasi zake za wanaume na wanawake. Aliyeingia bila kuitwa huwavuruga wachezaji, nao kwa ukarimu wao huenda wasimwambie.

Kamera huleta matatizo kuliko jambo lingine lolote. Ruhusa huombwa kabla ya picha. Kuomba msamaha baada ya kupiga hakutoshi. Endapo mhusika anataka malipo, kiasi hukubaliwa kwanza, na kwa kundi zima ni vyema kuzungumza na kiongozi wake. Anayerekodi wimbo kwa nia ya kuutumia kibiashara anapaswa pia kujua kwamba Kenya ina sheria ya mwaka 2016 ya kulinda maarifa ya jadi na kazi za kitamaduni, inayotaka jumuiya yenye mali hiyo ielezwe na iridhie kabla. Ndege ndogo zisizo na rubani zinahitaji kibali cha mamlaka ya usafiri wa anga, na mngurumo wake juu ya watu wanaoimba bila vipaza sauti ni kero hata pale kibali kinapokuwapo.

Upepo, moto na maji

Si mbali na Loiyangalani, upande wa kusini, yamesimama mapangaboi 365 ya mradi wa umeme wa upepo wenye uwezo wa megawati 310. Idadi hiyo pekee yamtosha mpiga kambi kama onyo. Upepo mkuu hutoka kusini mashariki na huzidi nguvu usiku hadi asubuhi, saa ambazo wengi wamekwisha kulala. Mlango wa hema uelekee upande mwingine, na hema fupi lafaa kuliko refu. Ardhi ni ya changarawe na mawe meusi ya volkano ambayo hayapokei vigingi kwa urahisi, hivyo kamba hufungwa kwenye mawe mazito. Hema lililong'oka usiku humwangukia jirani.

Upepo huohuo ndio unaofanya moto wa kambi uwe jambo la hatari. Nyumba nyingi za wenyeji huezekwa na kuzungushiwa makuti ya mikoche, mti uleule uliomo katika jina la Mikocheni ya Dar es Salaam. Cheche moja ikibebwa na upepo yaweza kuteketeza nyumba kadhaa. Jiko dogo la gesi, likikingwa vizuri, latosha kwa chai na ugali. Kuni nazo zisikatwe: Loiyangalani kwa Kisamburu ni mahali penye miti mingi, lakini miti hiyo imekusanyika penye chemchemi tu, na kuizunguka ni jangwa.

Chemchemi hizo ndizo sababu ya mji kuwapo. Maji ya ziwa yana magadi na chumvi, hivyo maji baridi ni mali ya thamani. Mgeni achote kiasi anachohitaji, asubiri zamu yake nyuma ya wanawake na watoto wenye madumu, na asifue wala kuoga kwa sabuni penye chanzo. Kuoga ziwani kunahitaji kwanza kuuliza wenyeji, kwa kuwa mamba wamo.

Joto huwafanya watu wengi walale nje au katika nyumba zenye kuta nyepesi, ambazo hazizuii kelele. Jenereta na muziki wa gari hadi usiku wa manane huwanyima usingizi wazee, watoto, na waimbaji wanaotegemea koo zao kesho yake. Baadhi ya wenyeji ni Waislamu, na chupa za pombe zinazozungushwa hadharani huweza kuwakwaza.

Mifuko ya plastiki imepigwa marufuku nchini Kenya tangu Agosti 2017, na Tanzania ilifuata mwaka 2019, kwa hiyo msafiri wa kutoka kusini hana la kujifunza upya. Chupa na makopo hurudi garini, kwani mbuzi hula karibu kila kinachoachwa.

Mawe yaliyoshikilia hema hurudishwa yalipookotwa, na yasichukuliwe kamwe kutoka kwenye rundo lililopangwa. Katika eneo hilo, marundo mengi ya mawe ni makaburi.