Damu au Malezi? Mbwa Wawili wa Babu na Swali la Miaka Mingi

Hebu nikuulize, msomaji: ulishawahi kuona mbwa wawili wa uzao mmoja, lakini tabia zao ni mbingu na ardhi?

Kwa babu yangu, Singida, walikuwepo Simba na Popi. Popi alikulia zizini, akilala na mbuzi, na sisi watoto tulimbeba kutwa nzima. Simba alifungiwa bandani peke yake tangu akiwa mdogo, eti ili awe mkali. Na akawa mkali kweli. Siku moja alimng'ata mtoto wa jirani, na jioni hiyo hiyo akauawa. Wazee wakasema ana damu mbaya. Mimi nilikuwa darasa la nne, nikabaki najiuliza: mbona damu ya Popi ni ile ile?

Kumbe swali hilo lina historia ndefu.

Darwin na mbwa wa kondoo

Mwaka 1833, Charles Darwin alipita katika nchi tunayoiita leo Uruguay. Huko alikuta makundi makubwa ya kondoo yakilindwa na mbwa mmoja au wawili tu, maili kadhaa kutoka kwenye nyumba yoyote, bila mchungaji. Alipouliza wanafundishwaje, akaelezwa hivi: mtoto wa mbwa anatenganishwa na mama yake mapema sana, ananyonyeshwa na kondoo jike mara tatu au nne kwa siku, na anatandikiwa sufu zizini alale. Haruhusiwi kucheza na mbwa wengine wala na watoto wa nyumbani. Mara nyingi anahasiwa pia. Akikua, kondoo ndio jamaa zake.

Kilichomchekesha Darwin ni hiki. Mbwa huyo alipokwenda nyumbani kuchukua nyama yake, mbwa wa nyumbani walimfukuza, naye akakimbia. Lakini akishafika kwa kondoo wake, anageuka na kubweka, na wale wote wanatimua mbio. Yaani mbwa yule yule ni mwoga hapa na jasiri pale.

Jaribio la Bar Harbor

Hadithi ya Darwin inaipa malezi nguvu, lakini haituambii damu inachangia nini. Kuanzia miaka ya 1940, John Paul Scott na John Fuller walilifanyia kazi jambo hilo kwenye Maabara ya Jackson, mjini Bar Harbor, Marekani. Walichukua aina tano za mbwa na kuwalea katika mazingira yanayofanana, ili tofauti zitakazobaki ziwe na uhusiano na urithi. Matokeo waliyachapisha kwenye kitabu mwaka 1965.

Aina mojawapo ilikuwa basenji, mbwa wa Kongo ambaye kwa kawaida habweki kama wengine. Jina lake ni ndugu wa neno letu "washenzi", kwa hiyo dharau kwa mbwa wa kijijini haikuanza leo! Watoto wa basenji wa wiki tano waliwaogopa na kuwakimbia watu kuliko watoto wa aina nyingine. Basi, damu ina sehemu yake. Ila walipozoeshwa kushikwa na watu, walitulia haraka.

Na kuhusu akili? Scott na Fuller hawakupata aina iliyozipita nyingine kwa kila kitu. Aina moja iling'ara kwenye jaribio hili, nyingine kwenye lile.

Mwaka 1961, watafiti wengine wa maabara hiyo walitoa matokeo ya jaribio lililonigusa zaidi. Waliwaacha watoto wa mbwa wakue ndani ya uzio bila kuzoeana na binadamu, kisha wakawatoa mmoja mmoja kwa wiki moja, katika umri tofauti. Waliokutana na watu kati ya wiki ya tano na ya tisa walizoea vizuri. Waliosubiri hadi wiki ya 14 walibaki waoga sana. Mlango ulishaanza kufungwa.

Na leo je?

Mwaka 2022, utafiti uliochapishwa kwenye jarida la Science ulikusanya majibu ya wenye mbwa zaidi ya 18,000, na kusoma vinasaba vya mbwa zaidi ya 2,000. Aina ya mbwa ilieleza takribani asilimia 9 tu ya tofauti za tabia kati ya mbwa mmoja na mwingine. Kwa hiyo ukiambiwa "aina hii ni wauaji", au "mbwa koko hana akili", usikubali upesi.

Sasa nirudi kwa Simba. Siwezi kusema kwa uhakika ni banda lililomharibu. Ndugu wa uzao mmoja hawarithi vinasaba vile vile vyote, na hata baba wanaweza kuwa tofauti. Lakini najua wiki zake za muhimu alizimaliza gizani, halafu tukamhukumu kwa kuwaogopa watu ambao hatukumpa nafasi ya kuwajua. Mbwa mwoga aliyebanwa huuma.

Kwa hiyo kama una mtoto wa mbwa nyumbani, usimfungie na wala usimlishe pilipili. Tangu wiki ya tatu mwache aone watu, asikie kelele za watoto, anuse mbuzi na kuku. Ukimtaka alinde, atalinda tu. Popi alilinda mbuzi wa babu hadi alipozeeka, na hakuwahi kumng'ata mtu.

Wa kwenu alilelewaje?