Wafalme 16 au Wanane: Nani Alilipia Hesabu?

Ramani mpya ya utawala imepunguza mikoa ya Burundi kutoka 18 hadi 5, na komuni kutoka 119 hadi 42. Mahali kama Bukirasazi, kusini mwa mji wa Gitega, mabadiliko hayo yanagusa mihuri na vibao. Hayagusi kumbukumbu ya nani alikaa kilima gani, chini ya chifu gani, tangu lini. Kumbukumbu hiyo ina wataalamu wake, wanahistoria na wanaisimu, na mtaalamu wa namna hiyo hapatikani kwa shahada ya kwanza. Anahitaji miaka mingine ya kusoma, kutembea vilimani na kuandika, na lazima awepo wa kumlisha muda huo. Nchini Burundi mlishaji huyo mara nyingi amekuwa mgeni, na mgeni, hata awe mwema kiasi gani, haulizi maswali ambayo mwenyeji angeyauliza.

Ushahidi mzuri ni ugomvi wa hesabu ya wafalme. Kwa desturi mwami, yaani mfalme, alitawazwa kwa moja ya majina manne yanayofuatana kwa zamu: Ntare, Mwezi, Mutaga, Mwambutsa. Waandishi wa enzi ya ukoloni walihesabu mizunguko minne kamili. Ndiyo maana Mwambutsa aliyetawala kuanzia 1915 hadi 1966 akaitwa wa Nne, mfalme wa 16, na mwanzo wa ufalme ukasukumwa nyuma hadi karne ya 16. Akaja Jan Vansina, Mbelgiji aliyelipwa na IRSAC, taasisi ya utafiti iliyoundwa na Ubelgiji mwaka 1947, yenye makao Lwiro karibu na Bukavu. Kati ya 1957 na 1960 alikusanya mamia ya masimulizi ya Warundi. Alipoyalinganisha aliona kwamba mizunguko miwili tu ndiyo yenye nyama: vita, wake, watoto waliogombania ng'ombe na vilima. Ntare Rushatsi alikuwa mtu, Ntare Rugamba alikuwa mtu, na Mwezi Gisabo, ambaye Wajerumani walimlazimisha kusalimu amri mwaka 1903, bila shaka alikuwa mtu. Waliojazwa katikati walikuwa majina matupu. Wafalme 16 wakawa wanane, Mwezi wa Nne akawa wa Pili, na zaidi ya karne nzima ikafutika.

Mtu atasema: basi fedha za mkoloni zilizaa kazi ya kweli, tena iliyowapinga waandishi wa kikoloni wenyewe. Sikatai, na wanahistoria wengi wameifuata hesabu fupi. Lakini tazama ilikotua. Kitabu cha Vansina kilitolewa kwa Kifaransa mwaka 1972 na jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji, lililokwisha kuchapisha sarufi ya Kirundi ya Meeussen mwaka 1959 na kamusi ya Rodegem mwaka 1970. Mzee aliyesimulia hakuweza kukisoma, seuze kukipinga. Na mjukuu wake, kama alibahatika kufika chuoni, huenda hakuuona mwisho wa 1972, mwaka ambao wasomi Wahutu waliuawa kwa maelfu.

Chuo Kikuu kilifunguliwa Bujumbura mwaka 1964, lakini kwa miongo mingi aliyetaka udaktari wa historia alipanda ndege. Émile Mworoha na Joseph Gahama walisomea Paris. Kitabu cha Gahama kuhusu utawala wa Wabelgiji na kile cha Philippe Ntahombaye kuhusu majina ya Warundi vyote vilichapishwa huko mwaka 1983, na mchapishaji mmoja. Linganisha na Dar es Salaam, ambako Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili iliandaa kamusi ya Kiswahili kwa Kiswahili iliyotoka mwaka 1981. Kweli, mchapishaji alikuwa Oxford. Ila maneno yalichaguliwa Dar.

Pingamizi kubwa zaidi ni umaskini: nchi yenye uhaba wa madaktari itamlipiaje mtu anayesoma hadithi? Jibu liko katika Mkataba wa Arusha wa mwaka 2000, ulioagiza historia ya Burundi iandikwe upya, na katika Tume ya Ukweli na Maridhiano iliyoundwa 2014. Serikali imekwisha kukiri kwamba inamhitaji mwanahistoria. Haijataka tu kumlipia masomo. Wapo wanaohofu kwamba serikali ikilipa itadai jibu inalolipenda. Hofu hiyo ina msingi, ndiyo sababu fedha zigawiwe na jopo la chuo badala ya ofisi ya waziri. Lakini fedha za nje nazo zina siasa zake: baada ya mgogoro wa kisiasa wa 2015 Ubelgiji ilisitisha ushirikiano na serikali, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2016 hadi 2022.

Tangu mgogoro huo, habari ya fedha za ndani ni fupi. Mwaka 2017 ufadhili wa wanafunzi uligeuzwa mkopo, na wanafunzi wakagoma. Mkopo humlazimu mtu kujiuliza ataurudisha kwa mshahara gani. Anayetaka kukusanya majina ya vilima vya Bukirasazi kabla wanaoyajua hawajazikwa hana jibu la swali hilo.