Lehemu ya Fundi Bati

Chukua koroboi mkononi, msomaji, ile taa ndogo ya bati yenye utambi, uigeuze na kuitazama ubavuni. Utaona mstari mwembamba mweupe mahali vipande viwili vya bati vilipokutana. Huo ni lehemu. Usingalikuwapo, mafuta yote yangalivuja.

Masonara wa Mji wa Kale wa Mombasa waliunga mapambo kwa fedha iliyotiwa shaba, nao walihitaji moto mkali wa kuvuviwa kwa mrija. Fundi bati alitosheka na moto wa makaa. Riziki yake iliongezeka mwishoni mwa karne ya 19, mafuta ya taa yalipoletwa pwani kwa meli, ndani ya madebe ya lita 18 hivi. Mafuta yakiisha, debe halikutupwa: lilikatwa, likakunjwa, likawa koroboi, kopo la maji au mrija wa kumiminia. (Debe lenyewe, ujue, ni chuma kilichopakwa bati juu, na ndiyo maana lehemu hulishika kwa urahisi.)

Siri ya lehemu ni ya ajabu. Bati safi huyeyuka kwenye nyuzi 232 za Selsiasi, risasi kwenye 327. Lakini changanya sehemu 63 za bati na 37 za risasi, nao mchanganyiko utayeyuka kwenye 183, mapema kuliko kila moja peke yake! Hata hivyo haushiki penye kutu wala uchafu. Kwa hiyo pahali pa kuunga husafishwa kwanza kwa dawa, kama utomvu wa msonobari.

Mafundi wa redio waliirithi kazi hiyo hiyo. Siku hizi wapo pia watengenezaji wa mitambo midogo ya umeme na vigari-moshi vya kuchezea wanaotumia lehemu ya rojo: chembe za madini zilizo duara, ndogo kama vumbi, zimekwisha kuchanganywa na dawa yake. Hupakwa kidogo, hupashwa moto, nayo hutulia mahali pake.

Lakini risasi ni sumu, na huwadhuru watoto kuliko wote. Mombasa inalijua jambo hili kwa uchungu. Katika mtaa wa Owino Uhuru, upande wa bara, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu ili kupata risasi kilifanya kazi tangu 2007 hadi 2014, na wakazi wakadhurika, watoto miongoni mwao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, shauri likabishaniwa hadi Mahakama ya Juu, ambayo mwezi wa Desemba 2024 iliurudisha uamuzi huo.

Ulaya ilikwisha kuikataza risasi katika vyombo vingi vya umeme tangu 2006. Lehemu mpya ni ya bati, fedha na shaba. Yahitaji nyuzi 217 au zaidi, na mafundi waliozoea ile ya kale huinung'unikia sana.