Uhuru Park na Jengo Ambalo Halikujengwa

Uhuru Park ya Nairobi iko kando ya Uhuru Highway, mkabala na katikati ya jiji. Ilifunguliwa na Rais Jomo Kenyatta mwezi Mei 1969, ikiwa na nyasi, miti, bwawa la mashua na jukwaa la mikutano. Kwa kuwa hapakuwa na kiingilio, wasio na bustani majumbani kwao waliifanya yao, hasa Jumapili.

Mwaka 1989 chama tawala cha KANU kilitaka kujenga humo jumba la ghorofa 60, liwe makao makuu yake na ya gazeti lake, Kenya Times, na mbele yake kuwe na sanamu kubwa ya Rais Daniel arap Moi. Sehemu kubwa ya fedha ingetokana na mikopo ya nje. Wangari Maathai, mwanzilishi wa Green Belt Movement, aliandika barua kwa wahusika, akiwemo balozi wa Uingereza, akiuliza kama jengo la aina hiyo lingekubaliwa Hyde Park, London. Bungeni alitukanwa, yeye na wenzake wakaitwa kundi la wanawake walioachika, na mahakama ikaitupilia mbali kesi yake. Hoja yake, hata hivyo, iliwafikia wakopeshaji. Nao waliposita, mradi ukafa. Februari 1992 uzio wa ujenzi uliondolewa. Kwamba barua za raia asiye na cheo serikalini zilishinda utawala wa chama kimoja ni jambo kubwa katika historia ya Kenya.

Mwezi huohuo akina mama wa wafungwa wa kisiasa walianza mgomo wa kula katika kona ya bustani ambayo tangu hapo huitwa Freedom Corner. Siku chache baadaye polisi waliwavamia kwa rungu na vitoa machozi. Maathai, aliyekuwa pamoja nao, alipigwa hadi akazimia, na baadhi ya akina mama wakavua nguo kuwalaani waliowapiga. Walihamia Kanisa Kuu la All Saints lililo jirani, wakakaa humo takriban mwaka mzima, hadi karibu wana wao wote walipoachiwa.

Mwai Kibaki aliapishwa kuwa rais katika bustani hiyo tarehe 30 Desemba 2002, na hapohapo, tarehe 27 Agosti 2010, akatia saini katiba mpya. Mwaka 2015 mnara wa kuwakumbuka walioteswa wakati wa vita vya Mau Mau dhidi ya ukoloni wa Uingereza ulizinduliwa Freedom Corner, kwa gharama ya serikali ya Uingereza.