Stetoskopu na Umbali wa Tiba ya Moyo: Mtazamo wa Kihistoria kutoka Babati, Manyara

Historia ya vifaa vya tiba aghalabu husimuliwa kama safari ya kutoka kifaa duni kwenda kifaa bora. Kwa mtazamo huo, stetoskopu hubaki kuwa hatua iliyopitwa na wakati. Makala hii inapendekeza kipimo kingine: umbali uliopo kati ya sikio linalobaini kasoro ya moyo na mahali kasoro hiyo inapotibiwa. Mji wa Babati unadhihirisha hoja hiyo.

Mwaka 1816, katika Hospitali ya Necker jijini Paris, daktari Mfaransa René Laennec alikunja karatasi ikawa bomba, akasikiliza kifua cha mwanamke aliyekuwa na dalili za ugonjwa wa moyo. Matokeo ya uchunguzi wake aliyachapisha mwaka 1819. Elimu iliyofuata ilieleza kwamba sauti ya kwanza ya moyo hutokana na kufunga kwa vali zilizo kati ya vyumba vya moyo, na ya pili hutokana na kufunga kwa vali za mishipa mikuu. Damu inapopita kwenye vali iliyosinyaa au isiyofunga sawasawa, husikika mvumo.

Kwa kuwa kifaa hiki hakihitaji umeme, kilienea hadi vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Tanzania ilipanua huduma za afya vijijini kupitia zahanati, vituo vya afya na kada za matabibu na waganga wasaidizi. Katika eneo ambalo sasa ni Mkoa wa Manyara, zilikuwapo pia hospitali za misheni, zikiwamo Dareda na Haydom, iliyofunguliwa mwaka 1955.

Hata hivyo, kusikia si kutibu. Homa ya rumatiki, inayofuata maambukizi ya koo kwa watoto, huharibu vali polepole. Ikigunduliwa mapema, sindano ya penisilini kila baada ya wiki tatu au nne huzuia homa kurudia, na sindano hiyo inaweza kutolewa karibu na nyumbani. Ikigunduliwa vali imekwisha kuharibika, hutakiwa upasuaji. Kwa miaka mingi, wagonjwa wengi wa upasuaji huo walipelekwa nje ya nchi, hasa India. Kuanzishwa kwa Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete mwaka 2015 kuliupanua upasuaji huo jijini Dar es Salaam, takriban kilomita 700 kutoka Babati kupitia Dodoma.

Hapa ndipo penye utata. Sikio halikosi kosa, na hukosa zaidi ugonjwa ungali mchanga. Utafiti uliochapishwa mwaka 2007 kuhusu wanafunzi wa Msumbiji ulibaini wagonjwa 2.3 kwa kila watoto 1,000 pale uchunguzi ulipoanzia kwenye stetoskopu, lakini 30.4 pale wote walipopimwa kwa mashine ya mawimbi sauti. Wengi waliopitwa ndio hasa ambao sindano ingewafaa.

Kwa hiyo, swali si kifaa kipi kikistaafishe kingine. Mashine iliyoko mbali haimfikii mtoto ambaye hakuna aliyemsikiliza. Na tabibu anayesikia mvumo bila kuwa na njia ya rufaa humwachia mzazi habari tu. Katika mji kama Babati, stetoskopu imekuwa mlango wa tiba kwa kiasi kile tu ambacho njia iliyo nyuma ya mlango huo imepitika.