Mgeni wa Karagwe apewe nini?

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Lakini kuna mgeni aliyekaa Karagwe zaidi ya miezi minne na jembe hakupewa. Huyo ni James Grant, Mskoti. Alifika kwa Mfalme Rumanyika, kule Bweranyange, Novemba 1861 akiwa na mwenzake, John Hanning Speke. Januari 1862 Speke akaendelea na safari kwenda Buganda. Grant akabaki akiuguza mguu mpaka Aprili, na mwenyeji wake akamtunza.

Sasa tujiulize: mgeni wa Karagwe enzi hizo alikirimiwa kwa nini?

Kwanza, lubisi. Ndizi za pombe huivishwa, humenywa, kisha hukamuliwa kwa miguu ndani ya mtumbwi wa mbao pamoja na nyasi. Juisi ikichujwa, inachanganywa na mtama uliokaangwa na kusagwa, inafunikwa, na kesho yake ni pombe. Huletwa kwenye kibuyu, na mwenyeji huonja kwanza ili mgeni anywe bila wasiwasi.

Pili, kahawa. Si ya kunywa, ni ya kutafuna! Tunda la robusta huchumwa kabla halijaiva, huchemshwa na majani yenye harufu nzuri, kisha huanikwa juani. Mgeni akishaketi, analetewa kikapu kidogo, anachukua punje. Hiyo ndiyo akamwani. Watu wa Kagera walikuwa wakiitafuna kabla Mjerumani hajaja, na waliochanjiana udugu wa damu waligawana punje moja, kila mmoja nusu yake.

Tusidanganyane kwamba wote walikula sawa. Maziwa yalikuwa chakula cha ikulu, na Speke aliandika juu ya wake wa ukoo wa mfalme walionyweshwa maziwa mpaka wakanenepa kupita kiasi. Mkulima yeye alikuwa na ndizi zake.

Nini kilibadilika? Wakoloni walipoigeuza kahawa kuwa zao la biashara, punje ya kumpa mgeni ikawa gunia la kupeleka mnadani. Leo Italia ni mmoja wa wanunuzi wakubwa wa kahawa ya Tanzania, na huko robusta huchanganywa kwenye espresso ili ipate povu zito. Yaani Muitaliano anamkaribisha mgeni wake kwa kahawa, sisi tunamfungulia soda! Na migomba nayo ilipata pigo mwaka 2006, ugonjwa wa mnyauko ulipobainika Kagera.

Kwa nini nayasema haya? Mwaka 2019 serikali ilitangaza hifadhi mpya za taifa, zikiwemo Rumanyika-Karagwe na Ibanda-Kyerwa. Hifadhi moja ina jina la mfalme aliyesifika kwa ukarimu. Watalii watakaokuja Kayanga au Nkwenda wanaweza kupata chipsi popote duniani. Akamwani hawataipata popote.

Hatuhitaji mfadhili kwa hili. Mwenye nyumba ya wageni aweke kikapu cha akamwani mapokezi, ainunue kwa akina mama wanaoitengeneza, na amweleze mgeni kwa nini anapewa. Bibi zetu wanaojua ni majani gani huchemshwa na kahawa wanazeeka. Tuwaulize leo. Au tunangoja mgeni aje atufundishe?